Mikwaruzo midogo na alama za duara kwenye rangi ya gari: maswali tunayoulizwa sana hapa Kigoma

Haya ni maswali ambayo watu wa Mwanga, Gungu, Ujiji mpaka wanaoshuka kutoka Kasulu na Kibondo wanatuuliza wakija na gari zao. Tumeyaweka sehemu moja ili mtu asome kwanza kabla hajaanza kusugua, maana kazi nyingi ngumu tunazopokea ni za gari ambayo mwenyewe au jirani yake alishaisugua na kitu ambacho hakikufaa.

Gari ikiwa kivulini inang'aa vizuri tu, nikiitoa juani boneti yote naona kama utando wa buibui. Ni nini?

Ni mikwaruzo midogo sana, maelfu kwa maelfu, imelala kwenye klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi. Kila mkwaruzo una kingo zake mbili na zile kingo ndo zinarudisha mwanga wa jua. Ukitizama vizuri utaona utando unahama na jua, ukisogea kulia na wenyewe unasogea. Hiyo ni kwa sababu mikwaruzo imeelekea kila upande ila jicho linaona ile tu iliyokaa vizuri na mwanga, kwa hiyo usidhani imejichora duara, duara unalitengeneza wewe kwa pale uliposimama.

Gari nyeusi, bluu iliyokoza na damu ya mzee zinaonyesha sana. Silva na nyeupe zinaficha, haina maana kwamba hazina.

Mbona sijaigonga popote na wala sijaikwaruza?

Umeiosha. Ndo jibu lenyewe na watu hawalipendi.

Vumbi letu hili jekundu lina chembe za mchanga ndani yake, na mchanga ni mgumu kuliko klia ya gari yoyote ile. Sasa fikiria gari imetoka Uvinza imejaa vumbi, kijana anachukua tambara lililooshea gari tatu kabla yako, analichovya kwenye ndoo moja ambayo chini ina tope, anaanza kusugua kwa duara kuanzia mlangoni mpaka boneti, halafu akishafika kwenye ringi za matairi analirudisha tambara lilelile juu kumalizia. Hapo huoshi tena, unapiga msasa taratibu. Fanya hivyo kila Jumamosi mwaka mzima halafu uje uulize utando umetoka wapi.

Na kuna wale wa asubuhi, gari ina vumbi kavu la usiku, mtu anachukua kitambaa kikavu au ile brashi ya manyoya anafuta haraka haraka awahi kazini. Hii ni mbaya kuliko hata ndoo chafu kwa sababu hamna maji kabisa ya kulainisha. Bora uende nayo na vumbi lake, hakuna atakayekucheka, mji mzima una vumbi kuanzia Juni mpaka mvua zianze.

Dodoki, brashi ya kufulia, sponji iliyodondoka chini ikaokotwa, taulo la zamani lililokakamaa, vyote hivyo viko kwenye kesi hii. Sabuni ya unga nayo ina lake, inakula waksi yote na zile punje zisipoyeyuka zinakwaruza.

Nitajuaje mkwaruzo huu unatoka au hautoki?

Pitisha kucha kwa kukatisha, taratibu bila kukandamiza. Kucha ikiteleza bila kushtuka, mara nyingi unatoka au unapungua sana. Kucha ikinasa, huo umeingia ndani na kuutoa wote maana yake ni kula klia mpaka ufike chini yake, ambapo huenda klia yenyewe imeshaisha. Njia nyingine, mwagia maji kidogo. Ukipotea ukiwa umelowa halafu ukarudi ukikauka ujue bado uko kwenye klia. Ukiona rangi tofauti ndani, kijivu au nyeupe ya praima (ile rangi ya chini inayotangulia) au bati lenyewe, hapo polishi haina kazi, hiyo ni ya fundi rangi, na kama ni bati iwahi kabla kutu haijaanza.

Wanaopita njia nyembamba za porini, kwa mfano kushuka Kalya, wanarudi na mistari mirefu ya matawi ubavuni kote. Ile inatisha kwa macho ila mingi iko juu juu, mingine si mkwaruzo hata kidogo ni utomvu na uchafu wa jani uliojipaka. Osha kwanza ndo uhesabu hasara.

Hiyo klia ina unene gani kwani?

Ndogo kuliko unavyodhani. Kwa gari nyingi iliyotoka na rangi ya kiwandani klia ni kama mikroni 35 mpaka 50, na ukumbuke milimita moja ni mikroni 1,000. Ukijumlisha yote kuanzia praima mpaka juu inakuja kwenye mikroni 100 hadi 150 hivi.

Ukielewa hizo namba utaelewa kila kitu kingine kwenye ukurasa huu. Mkwaruzo haufutwi wala haujazwi, kinachofanyika ni kushusha klia iliyouzunguka mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Yaani kila polishi ya kweli inapunguza gari yako kitu. Kwa hiyo anayekuja na haraka na kompaundi kali, yaani dawa ya kusugulia inayokula klia kuliko polishi, kwa mikwaruzo ambayo polishi laini ingeitoa, anakulia akiba yako bure.

Dawa ya meno inafanya kazi?

Inafanya kidogo, ndo maana watu hawaachi kuisema. Ina chembe za kusugulia ndani kwa hiyo mkwaruzo mmoja mdogo unaweza kupungua, lakini haikutengenezwa kwa klia, haijulikani ukali wake na kwenye gari nyeusi inaacha ukungu ambao baadaye utahitaji polishi kuutoa. Sasa umeokoa nini.

Mafuta ya taa na dizeli wanayochanganya kwenye maji ili gari ing'ae, hayatoi mkwaruzo hata mmoja. Yanajaza kwa muda, gari inang'aa mpaka ufike raundabauti, baada ya hapo vumbi linaganda kwenye yale mafuta na kesho yake unalifuta na kitambaa. Unaona duara lilivyo. Mafuta ya breki usithubutu kabisa, yanayeyusha rangi.

Bila mashine, kwa mkono, itatoka?

Kwa sehemu ndogo ndiyo. Pale kwenye kitasa cha mlango ambapo kucha na funguo zinakwaruza kila siku, chini ya buti, karibu na kifuniko cha tenki, hapo mkono unatosha. Tumia padi ya sponji ya mkono yenye polishi kidogo, sugua sehemu ndogo kwa mistari ya kwenda na kurudi, futa, angalia. Gari nzima kwa mkono utachoka robo ya boneti na matokeo hayatafanana, upande wa asubuhi utang'aa upande wa jioni utakuwa umeacha tu.

Nina gurainda nyumbani, si naweza kufunga padi?

Hapana. Gurainda ya kukatia vyuma inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, mashine ya polishi ya rotari, yaani inayozunguka tu bila kutikisika, tunaitumia kwenye 1,000 mpaka 1,500 hivi kwa kazi nyingi. Na gurainda ukiifunga padi inachemsha klia kabla hujahesabu tano, na kwenye bampa za plastiki ndo kabisa maana plastiki haitawanyi joto kama bati.

Kama unanunua mashine ya kwanza nunua ile inayozunguka huku inatikisika, mafundi wanaiita DA. Ni polepole kidogo ila inasamehe, ukiikandamiza sana padi inasimama kuzunguka badala ya kuunguza. Rotari ina nguvu na mtu mzoefu anamaliza haraka, ila mkononi mwa asiyezoea inaacha mawimbi ambayo hayaonekani kivulini, unayakuta juani, na yakishakuwepo kuyatoa ni kazi ya kuanza upya.

Hatua zenyewe zikoje?

Anza na kuosha vizuri, tena vizuri kuliko unavyoosha siku zote, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikibaki chini ya padi inachora kila inapopita. Ikishakauka vaa mfuko wa mkate mkononi (mifuko ya rambo tulishaagana nayo tangu Juni 2019) upapase boneti, kwa nailoni vidole vinasikia vitu ambavyo mkono mtupu hausikii. Ukisikia vipele vipele ni uchafu ulioganda, rangi ya mtu aliyepuliza geti karibu, lami, utomvu. Huo unatolewa na ule udongo laini maalum wa kusafishia rangi, unaoteleza na maji ya sabuni, kila mara unaukunja upate upande msafi, na ukidondoka chini utupe, usiuonee huruma.

Halafu bandika teipu ya karatasi kwenye kingo zote za boneti na milango, kwenye mpira, kwenye plastiki nyeusi na kwenye ile mistari iliyochongoka ya bodi. Kwenye kona rangi huwa nyembamba, na padi inapenda kung'ang'ania hapohapo, ndo pale unapoona gari imepigwa polishi ikabaki na mstari mweupe pembeni ya boneti.

Sasa usipige gari nzima. Chagua kipande kama sentimita 50 kwa 50, anza na padi laini na polishi laini. Matone manne au matano ya ukubwa wa punje ya choroko, yasambaze mashine ikiwa polepole, ongeza mpaka kati, peleka mkono taratibu sana, sentimita mbili tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita, kwanza kwa kwenda mbele na nyuma halafu kwa kukatisha. Mara nne mpaka sita inatosha. Uzito wa mkono ni mdogo tu, mashine ndo ifanye kazi. Futa na kitambaa safi cha mikrofaiba, pitisha spiriti ya aizopropili iliyochanganywa na maji kuondoa mafuta ya polishi, washa tochi ya simu uisogeze sogeze juu yake.

Imetoka? Basi umepata jibu la gari nzima, endelea hivyohivyo. Haijatoka yote? Badilisha padi kwanza uweke ngumu kidogo kwa polishi ileile, ukishindwa ndo upande kwenye kompaundi, na ukipiga kompaundi lazima urudie na polishi laini maana kompaundi nayo inaacha ukungu wake. Mafundi wengi wanaanza juu wanashuka. Sisi tunaanza chini tunapanda, inachukua muda kwenye kile kipande cha kwanza lakini baada ya hapo unajua unachofanya.

Kila ukimaliza kipande safisha padi kwa brashi, ile polishi iliyokauka pamoja na klia iliyotoka vinaganda vinakuwa vigumu. Padi ikiloana sana ibadilishe, kwa gari moja uwe nazo kadhaa. Na weka kiganja kwenye bati mara kwa mara, vuguvugu sawa, ukishindwa kukiacha simamisha kazi.

Mahali pia pana maana. Usifanye juani, polishi inakauka kabla haijafanya kazi. Hapa kwetu fanya asubuhi kabla upepo wa mchana haujaanza, ndani ya gereji au chini ya bati, mwagia sakafu maji kidogo vumbi litulie. Chini ya mwembe hapana, nitakuambia chini huko kwa nini.

Fundi alinipigia polishi alama zote zikaisha, nimeosha mara mbili tatu zimerudi zote. Kaniroga?

Hajakuroga, kakujazia. Kuna bidhaa zina mafuta na vijazio vinavyolala ndani ya mkwaruzo, mwanga unapita vizuri gari inaonekana mpya, ukiosha na sabuni vinatoka. Si haramu, kwa gari inayouzwa kesho au ambayo klia yake imeshakuwa nyembamba mtu anaweza kuchagua hivyo kwa kujua. Ubaya ni kuuziwa kujaza kwa bei ya kutoa. Ndo maana mwambie apitishe spiriti mbele yako kabla hujalipa, kama kazi ni ya kweli spiriti haibadilishi kitu.

Nina Land Cruiser mkonga nyeupe niliyonunua mnadani, nikisugua padi inageuka nyeupe. Nimeshatoboa klia?

Inawezekana haikuwa na klia tangu mwanzo. Gari nyingi nyeupe za kazi, kama hizi za mashirika zinazopanda kambini Nyarugusu, zinakuwa na rangi ya tabaka moja, rangi na mng'ao viko humohumo. Hiyo ukisugua padi lazima ichukue rangi ya gari, ni kawaida, na kusema kweli ni rangi nzuri kufanyia kazi, ile iliyopauka kama chaki inarudi vizuri sana. Jaribu sehemu iliyojificha kwanza, kwa mfano ndani ya mlango wa nyuma. Ila kama gari ni ya metali, silva au kijivu, halafu padi ikaja na rangi, acha hapohapo. Hiyo klia imekwisha au haikuwepo.

Matone meupe ya maji hayatoki hata nikiosha. Na kinyesi cha ndege?

Maji ya Ziwa Tanganyika yana madini, tone likikauka juani maji yanaondoka madini yanabaki, yakikaa muda mrefu yanaanza kula klia. Yakiwa mapya siki iliyochanganywa na maji inayatoa, paka, subiri kidogo, suuza vizuri. Yakishachimba ni polishi.

Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe ni vibaya zaidi kwa sababu joto la bati linavipikia hapo hapo juu ya klia. Ujiji yote ni miembe na kivuli chake ni kitamu, najua, ila wakati wa maembe ukipaki pale uwe na chupa ya maji kwenye gari. Lowesha, acha kilainike, kitoe kwa kukiinua, usikisugue kikiwa kikavu maana ndani yake mna mbegu na mchanga.

Gari imepulizwa rangi wiki iliyopita, naweza kuipiga waksi ing'ae zaidi?

Subiri. Rangi mpya bado inatoa dawa ya kuyeyushia, watengenezaji wengi wa rangi wanataka siku 30 mpaka 90 kabla ya waksi kutegemea na aina na ilivyokaushwa. Osha kwa maji na sabuni laini tu. Muulize aliyepuliza ametumia klia gani, anajua.

Nikiweka seramiki si sitapata mikwaruzo tena?

Utapata. Seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya klia ikakauka ikawa ngumu, inasaidia maji yateleze na uchafu usigande, kuosha kunakuwa rahisi na hapo ndo faida yake kubwa ilipo, ila ile 9H wanayoandika kwenye chupa ni kipimo cha ugumu wa penseli, mchanga haujali penseli. Na usiiweke juu ya mikwaruzo ambayo hujaitoa, utakuwa umeifungia ndani na kuitoa baadaye itabidi utoe na seramiki.

Waksi ya kawaida inatosha watu wengi, tatizo ni kwamba jua letu linaimaliza baada ya miezi michache inabidi urudie.

Naweza kupiga polishi mara ngapi?

Polishi laini inatoa mikroni moja au mbili, kompaundi na padi ngumu inaweza kufika mikroni tano. Rudi kwenye zile 35 mpaka 50 upige hesabu, halafu kumbuka dawa inayozuia jua imo humohumo kwenye klia, ukiipunguza sana hata kama haijaisha itaanza kupauka na kubanduka kama magamba juu ya paa. Gari za mtumba kutoka Japani nyingi zilishapigwa huko kabla hazijapanda meli, kwa hiyo akiba huijui. Kama fundi ana kipimo cha unene wa rangi mwambie apime, hasa paa na boneti. Kila mwaka kompaundi ni kujitafutia kazi ya rangi.

Sasa niosheje zisirudi?

Maji kwanza, mengi, bila kugusa. Presha au mpira au hata kopo, mradi mchanga uondoke wenyewe. Halafu ndoo mbili, moja ya sabuni ya gari, moja ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa, kila ukimaliza mlango unasuuza kwanza kwenye ya maji ndo unarudi kwenye sabuni. Anza juu shuka chini, kwa mstari sio duara. Matairi yana kitambaa chake na hakipandi juu hata siku moja. Kausha kwa taulo kubwa la mikrofaiba ukililaza na kulivuta taratibu.

Kupeleka gari ufukweni kuosha ziwani acheni jamani. Maji ya ukingoni yana mchanga unaoingia kwenye ndoo, na sabuni na oili zinaenda palepale watu wanapochota.

Ukiosha kwa vijana wa mtaani nenda na kitambaa chako na uombe maji mapya kwenye ndoo. Watakuangalia vibaya siku ya kwanza, siku ya pili wameshazoea.

Bodaboda je? Tenki langu limechoka.

Kwa mkono tu, mashine usilete. Stika nyingi za tenki ziko chini ya klia nyembamba au juu kabisa bila kitu, padi ikigusa ukingo wa stika inaibandua. Polishi laini, kitambaa kidole kimoja, zunguka stika kwa mbali. Mikwaruzo ya pale magoti na zipu ya koti vinapogusa inapungua vizuri. Petroli ikimwagika wakati wa kujaza mwagia maji saa hiyohiyo.

Taa za mbele zimekuwa njano, polishi ileile inafaa?

Inafaa kwa muda. Ile njano ni ulinzi wa kiwandani wa plastiki ulioharibiwa na jua, unatolewa kwa msasa wa maji namba 1000, 2000, mpaka 3000 halafu polishi, zinakuwa safi kabisa. Ila usipopaka kinga mpya juu yake, klia ya taa au kitu kama hicho, njano inarudi haraka kuliko mwanzo.

Nimwulize nini fundi kabla sijamwachia gari?

Muulize ataanza na nini, akisema kompaundi kabla hajaiangalia gari kwa tochi mshukuru uondoke. Muulize ana padi ngapi. Muulize kama atabandika teipu. Mwombe akufanyie kipande kimoja cha boneti kwanza, akipitishie spiriti, mkitizame wote juani ndo mkubaliane bei, maana bei inatokana na hatua ngapi gari inahitaji, sedani ya hatua moja na Prado nyeusi ya hatua tatu haziwezi kulingana. Na ukienda kuchukua gari nenda saa nane mchana, usiende jioni.